Bustani ya Ludara Hupimwa Januari

Kiswahili kilizaliwa pwani, na majina yake ya majira yalizaliwa huko huko. Mkulima wa Tanga au wa Mombasa hungoja masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha hungoja vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kijitabu cha bustani kilichoandikwa kwa ajili yake hufuata hesabu hiyo. Sasa kijitabu cha namna hiyo kinapotiwa katika sanduku la askari aliyepewa uhamisho kwenda Ludara, wilayani Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Askari huketi barazani mwezi wa Novemba, mbegu mkononi, akingoja mvua ya vuli. Ludara haina vuli.

Katika gombolola hilo, kama katika sehemu kubwa ya West Nile, mwaka una majira mawili tu yanayomhusu mtu mwenye jembe. Mvua huanza mwishoni mwa Machi au katika Aprili, hulegea kidogo mnamo Juni au mwanzo wa Julai, hurudi kwa nguvu Agosti hadi Oktoba, na kuaga Novemba. Baada yake huja kiangazi: Desemba, Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi. Nyasi hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu, upepo mkavu huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na udongo uliokuwa laini kama unga hukauka ukawa kama tofali. Familia iliyotoka Masaka au Kampala hushangaa sawasawa na ile iliyotoka pwani, kwa maana huko nako mvua ni mbili kwa mwaka.

Mwezi wa Agosti kila mtu wa Ludara ni mkulima hodari. Mchicha huota hata pale ulipomwagwa kwa bahati mbaya, na kigingi cha kuanikia nguo hutoa majani kabla mwenyewe hajamaliza kuanika. Sifa za mwezi huo zisimdanganye mtu. Bustani ya Ludara haipimwi Agosti. Hupimwa Januari, pale mama wa nyumbani anapofungua mlango wa nyuma na kutazama kama kuna jani bichi la kutia chunguni.

Hesabu yake si ngumu. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Machi kuna siku 121. Nyumba inayonunua fungu moja la mboga kila siku itanunua mafungu 121. Nyumba yenye watoto wengi itanunua mawili kwa siku, yaani mafungu 242. Kila msomaji na atie bei ya soko lake mwenyewe, azidishe, kisha alinganishe jibu na mshahara. Tena akumbuke kwamba fungu la Februari ni dogo kuliko la Septemba, na bei yake ni kubwa zaidi. Mshahara wa askari haupandi kwa sababu ya jua. Hivyo kinachopungua ni mboga. Ugali wa muhogo na mtama hubaki palepale, baba hutengewa majani machache yaliyopatikana, mgeni hutengewa yaliyobaki, na mtoto mdogo huchovya tonge katika mchuzi. Mtoto huyo hashiki njaa ya kulia. Tumbo lake limejaa. Linalomkosa ni lile linalotoka katika jani la kijani, nalo ni jambo lisiloonekana upesi kwa macho ya mzazi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yaweza kuwa ilitungwa kwa ajili ya familia za askari, ambazo ni wageni kila zinapokwenda. Nayo haisemi kwamba mgeni apewe shamba. Nyuma ya nyumba ya askari huwa na kipande kidogo, pengine kati ya choo na kamba ya nguo, na watu wengi hukidharau kwa udogo wake. Kumbe udogo huo ndio faida. Bustani ya kiangazi haitakiwi kuwa kubwa. Ukubwa wake hauamuliwi na ardhi wala na nguvu za bwana wa nyumba, bali na maji machafu.

Hapa pana kanuni moja ya kushikwa kwa meno: bustani ya kiangazi haimtumi mtu kisimani. Jerikani ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, mbali na chombo chenyewe, na kichwa kinachoibeba kwa kawaida ni cha mama au cha msichana ambaye angalikuwa shuleni. Kiangazi foleni ya pampu huwa ndefu. Mboga inayopatikana kwa kumwongezea msichana safari ya pili si mboga ya bei rahisi; imelipiwa kwa masomo yake. Basi mimea na inywe maji ambayo tayari yamefanya kazi moja: yaliyooshea mboga na mchele, yaliyosuuzia vyombo, yaliyosuuzia nguo, yaliyooshea mikono. Maji ya sabuni kidogo hayana neno, mradi yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani, na siku mojamoja yabadilishwe na maji safi. Maji yenye mafuta mengi, na yale yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yatupwe mbali. Hayo ni sumu kwa mizizi.

Tuta lililostawi hunywa yapata lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku ya jua kali. Kwa hiyo nyumba inayomwaga lita 20 za maji ya namna hiyo kila siku yaweza kutunza mita 4 za mraba, wala isizidishe. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 latosha kabisa. Upana huo umechaguliwa kwa sababu mkono wa mtu hufika katikati kutoka kila upande, na hivyo hakuna haja ya kukanyaga udongo. Mwagilia jioni, jua linapotua. Maji yanayomwagwa saa sita mchana hurudi mbinguni kabla mzizi haujayaona.

Umbo la tuta nalo lina siri yake. Wakati wa mvua, tuta huinuliwa ili maji yaondoke na mizizi isioze. Wakati wa kiangazi, mambo hugeuzwa: tuta huchimbwa likazama, kina cha sentimeta 15 hivi, udongo ukawekwa kingoni kama ukuta mdogo, na samadi ikachanganywa ndani. Kila tone likimwagwa hukaa pale pale. Askari mgeni huona haya kulima shimo badala ya tuta, akidhani majirani watamcheka. Wacheke, Januari watakuja kuomba majani.

Samadi ya mbuzi iliyokauka ni mpole, na yaweza kutumika bila kungoja sana. Ya kuku ni kali. Ikitiwa mbichi huunguza mimea, kwa hiyo na ichanganywe na takataka za jikoni na nyasi, ikae mpaka ioze na kupoa. Majivu ya kuni ni mbolea pia, kwa kuwa yana potasiamu na kalsiamu, lakini ni konzi moja hapa na konzi moja pale, si ndoo nzima. Wala yasichanganywe na samadi mbichi ya kuku, kwa maana huifukuza nguvu ya samadi hiyo hewani, na majirani wataisikia kwa pua.

Kwa yule asiyepewa hata mita 4, au aliye na hakika kwamba uhamisho hauko mbali, kuna bustani ya gunia. Mahitaji yake ni gunia kuukuu, mawe madogo, kopo lililotolewa kitako, na udongo uliochanganywa na samadi. Kopo husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe. Udongo hujazwa kulizunguka. Kisha kopo huvutwa juu, likajazwa mawe tena, na udongo ukaongezwa, hivyo hivyo mpaka gunia limesimama likiwa na mhimili wa mawe kutoka chini hadi juu. Mhimili huo ndio mfereji wa maji. Ubavuni hutobolewa matundu madogo, na katika kila tundu hutiwa mche mmoja wa sukuma wiki au mchicha. Gunia moja huchukua miche 30 hivi, na lita 5 za maji kwa siku huliridhisha. Nyumba ya lita 20 yaweza basi kuwa na magunia manne mlangoni, yamesimama kama walinzi wa zamu, tofauti yao ikiwa kwamba walinzi hawa hawasinzii.

Kazi hii yote haifanywi Desemba. Mwenye kuanza Desemba amechelewa gari. Mbegu za sukuma wiki husiwa kitaluni mwezi wa Oktoba, mvua ikiwa bado ipo. Baada ya majuma manne hadi sita miche huhamishwa, nafasi ya sentimeta 45 au zaidi kati ya mche na mche ikiwa ni tutani, ili mizizi ishuke chini wakati udongo ungali na unyevu. Jambo la kitalu si geni West Nile. Kwa miongo mingi tumbaku imekuwa zao la fedha la huko, na mbegu yake iliyo ndogo kama vumbi huoteshwa kitaluni kwanza. Askari asiyejua kitalu hana haja ya kijitabu. Amwendee mzee jirani kwa heshima, amsalimu, akae chini, aulize. Mzee atafurahi, na huenda akampa miche.

Mchicha, ambao Uganda huitwa dodo, ni mboga ya mtu asiye na subira. Mbegu zake huchanganywa na mchanga mkavu ili zisianguke fungu moja, na baada ya majuma matatu au manne huanza kuchumwa. Ukikatwa juu, shina likaachwa, huchipua tena. Bamia hulowekwa usiku mmoja kabla ya kupandwa, na tunda lake huchumwa likiwa changa. Likichelewa siku chache hugeuka kamba. Mbegu za mlenda, ule ambao wauzaji wa upande wa Sudan Kusini huuita kudra, huwa kaidi: hutiwa katika kitambaa, huchovywa katika maji ya moto kwa nukta chache, ndipo hukubali kuota. Kunde nazo ni mgeni mwema: majani yake, ambayo Walugbara huyaita osubi, huliwa, maharagwe yake huliwa, na mizizi yake huacha udongo na mbolea kuliko ilivyoukuta.

Baada ya kupanda huja vita, na hapa ndipo bwana wa nyumba anapotakiwa hasa. Adui wa kwanza ni kuku, ambaye hatambui cheo wala sare. Adui wa pili ni mbuzi. Wakati wa mvua mbuzi wa West Nile hufungwa kamba ili asiharibu mazao. Mavuno yakiisha huachiliwa, akatembea atakako. Naye katika nchi nzima iliyokauka huona kitu kimoja cha kijani, nacho ni lile tuta la mita 4. Ua wa miiba utafaa mwaka wa kwanza. Lakini mtu mwenye kuona mbali hukata vijiti vya mbono kaburi, akavichomeka mvua zinapoanza Aprili. Hushika mizizi upesi, na mbuzi hawautaki kabisa. Watoto nao waonywe mapema: mbegu za mbono huo ni sumu, wala si karanga.

Adui wa tatu ni mchwa. Vitabu husema udongo wa kiangazi ufunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke, nalo ni shauri jema. Mchwa wa Ludara nao wamelisikia, na huona wameandaliwa karamu. Nyasi na ziwe chache, zikae mbali kidogo na shina, na zigeuzwe mara kwa mara. Angalau mchwa ni adui anayelipa deni lake: mvua zikifika na kumbikumbi wakatoka, hukamatwa, hukaangwa, huliwa, na bustani ikawa imelipwa fidia. Adui wa nne ni vidukari, wanaojificha chini ya majani ya sukuma wiki. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa, yakalowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, huwafukuza kwa gharama ya jasho tu. Mboga ikinyunyiziwa dawa hiyo ioshwe vema kabla ya kupikwa.

Kuna na adui wa tano, ambaye haji kwa ajili ya mboga bali kwa ajili ya mwenye mboga. West Nile ni miongoni mwa sehemu za Uganda zenye malaria nyingi, na mbu hahitaji ziwa. Hutosheka na kopo la maji lililosahauliwa. Maji ya bustani yawekwe katika chombo chenye kifuniko, yamwagwe siku ile ile, na makopo matupu yapinduliwe.

Lakini si majani yote hungoja kuchumwa yakiwa mabichi. Septemba na Oktoba, majani ya kunde yakiwa mengi mpaka watoto wanayakimbia, huchumwa, huanikwa kivulini penye upepo, na kuwekwa mahali pakavu. Yaanikwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A iliyo mali ya majani hayo. Mfuko mmoja uliojaa Oktoba ni akiba ya Februari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hakitozwi riba.

Jikoni nako kuna hekima ambayo akina mama wa West Nile walikuwa nayo kabla wataalamu hawajaieleza. Wao hupika mboga za majani kwa ufuta au karanga zilizosagwa. Mgeni hudhani ni anasa ya ulimi. Ukweli ni kwamba vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Kijiko cha ufuta uliosagwa humfikishia mtoto kile ambacho maji na chumvi peke yake hukipoteza njiani. Mama askari aliyezoea kuchemsha mboga tupu kwa kubana matumizi anabana mahali pasipofaa.

Mbegu na zitunzwe. Mashina mawili ya mchicha yaliyo bora kuliko mengine yaachwe yakomae, na kunde zikaukie mtini, kisha zihifadhiwe katika chupa pamoja na majivu makavu ili fukusi wasizitoboe. Sukuma wiki haizai mbegu kwa urahisi katika joto, lakini vichipukizi vinavyotoka ubavuni mwa shina huweza kung'olewa na kupandwa vikawa miche mipya. Pakiti moja iliyonunuliwa yaweza hivyo kutumika mwaka baada ya mwaka. Chupa mbili za mbegu ni mzigo mwepesi hata kwa mtu anayesafiri ghafula. Watu wengi wa West Nile waliishi ukimbizini Zaire na Sudan katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2013 gombolola la Lobule, katika wilaya hiyo hiyo ya Koboko, limepokea wakimbizi kutoka Kongo. Huko hakuna haja ya kumweleza mtu mzima thamani ya mbegu inayoingia mfukoni.

Limebaki neno la mpapai. Mpapai mmoja au miwili ipandwe pale maji ya bafuni yanapopita, miche mitatu katika shimo moja, kwa maana hakuna anayeweza kutambua dume na jike mpaka itoe maua. Hapo madume hukatwa, na jike moja likaachwa. Tunda la kwanza huja baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, na hapo ndipo askari wengi hukunja uso. "Mama watoto," husema, "nitapanda nini ambacho atakula mwingine? Barua ya uhamisho yaweza kuja kesho." Mama watoto mwenye busara humjibu, "Baba, na huko tuendako pia tutataka kukuta mpapai." Bwana huyo hana jibu la kumpa, basi achukue jembe. Shimo la mpapai ni kina cha nusu mita, na mvua ya Aprili haingoji barua ya mtu yeyote.